Sura ya Sita: Mbona Vyuma Vimegoma?

Watu wa mazoezi huuliza maswali mengi, lakini hili ndilo linalorudi kila mara. Linaulizwa kwenye jimu za vioo za Masaki na Westlands, na linaulizwa kwenye mabanda ya uani ambako chuma ni bomba la maji na uzito ni makopo ya zege. Mtu alianza vizuri. Miezi mitatu ya mwanzo aliongeza uzito karibu kila wiki, shati likaanza kumbana mabegani, watoto wa mtaani wakaanza kumwita baunsa. Halafu kukatulia. Kilo 60 alizokuwa akizisukuma benchini mwezi wa nne ndizo anazozisukuma mwezi wa saba, kwa idadi ile ile na kwa tabu ile ile. Anajiuliza: nimekosea wapi? Au ndiyo mwili umefika mwisho wake?

Mwisho bado uko mbali sana. Mtu wa kawaida aliyefanya mazoezi kwa mwaka mmoja hajakaribia hata kidogo kikomo cha mwili wake. Ninachokiona kwa wengi waliokwama ni kwamba hawana uvivu wowote. Wana bidii kupita kiasi, na dawa pekee wanayoijua ni kuongeza bidii: seti zaidi, siku zaidi, kelele zaidi. Tatizo lao liko kwenye sahani ya chakula, kitandani, au kwenye daftari ambalo hawajawahi kulinunua.

Kabla hatujaenda mbele, tukubaliane maneno matatu. Kila unaposhusha na kupandisha chuma mara moja, hilo ni rudio. Marudio yanayofuatana bila kupumzika, tuseme manane, yanafanya seti moja. Na mkwamo, kwa maana ya sura hii, ni hali ya kufanya mazoezi kwa uaminifu kwa wiki nne au zaidi bila kuongeza uzito wala rudio hata moja.

Kwa nini mwanzo ulikuwa rahisi

Nguvu za wiki za kwanza hazitoki kwenye misuli mipya. Misuli haijapata muda wa kukua. Kinachobadilika haraka ni mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli. Mtu ambaye hajawahi kunyanyua chuma hutumia sehemu tu ya misuli aliyonayo, nayo haielewani: mkono wa kulia unawahi, wa kushoto unachelewa, chuma kinayumba. Baada ya wiki kadhaa ubongo umejifunza kuita nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja, na kilo zinapanda.

Somo hilo likishaiva, nguvu za ziada lazima zitoke kwenye nyama yenyewe. Nyama hujengwa polepole na huhitaji vifaa vya ujenzi. Hesabu nayo inakuwa ngumu zaidi. Ukinyanyua kilo 20 ukaongeza kilo mbili na nusu, umeongeza zaidi ya asilimia 12. Ukiwa kwenye kilo 100, kilo hizo hizo ni asilimia mbili na nusu tu. Na fikiria mtu anayeongeza kilo moja kila wiki bila kukosa: kwa mwaka ni kilo 52, kwa miaka kumi ni zaidi ya nusu tani. Hakuna kifua cha binadamu kinachosukuma nusu tani kwa mpango huo. Kwa hiyo kasi ikipungua baada ya miezi michache, usiite mkwamo. Kupanda kilo mbili na nusu kwa mwezi, kwa mtu wa mwaka wa pili, ni mafanikio makubwa.

Daftari kwanza

Tumchukue kijana wa mfano tutembee naye sura nzima. Ana miaka 26, ana kilo 68, anafanya kazi ya kupakua mizigo sokoni tangu alfajiri. Jioni anaenda kwenye vyuma, siku sita kwa wiki. Anasema amekwama benchini kwa kilo 60.

Muulize alisukuma mara ngapi wiki iliyopita, atakwambia "kama nane hivi". Wiki ya kabla ya hiyo? "Nane, au saba." Mtu asiye na kumbukumbu hawezi kujua kama amekwama. Huenda alipanda kutoka marudio sita hadi nane bila kujua, na hayo ni maendeleo. Huenda rafiki anayemshikia chuma, yule anayesimama kichwani pake, ndiye aliyekuwa anainua kilo kumi kati ya zile 60. Huenda pia siku hizi anashusha chuma mpaka kifuani, wakati zamani alikuwa akikatiza katikati. Kama ni hivyo, nguvu zake zimeongezeka ingawa namba imebaki pale pale.

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Ukurasa wake uwe hivi:

Jumatatu. Benchi kilo 60: 8, 7, 5. Chuma kimegusa kifua, hakuna aliyesaidia. Pumziko dakika moja. Usingizi saa 5. Mchana wali maharage.

Alhamisi. Benchi kilo 60: 7, 6, 5. Pumziko dakika moja. Usingizi saa 5. Mchana chipsi kavu.

Soma mistari hiyo miwili taratibu na utaona kwamba nusu ya jibu imeshajiandika. Usingizi ni mdogo, pumziko kati ya seti ni fupi, na chipsi kavu haina cha kujengea msuli.

Kwa wanaotumia vyuma vya kutengeneza wenyewe kuna jambo moja zaidi. Kopo la zege huandikwa "kilo 20" kwa kukisia. Lipeleke kwenye mizani ya muuza mahindi. Ni kawaida kukuta upande mmoja umezidi mwingine kwa kilo moja au mbili, na bega moja limekuwa likilipa deni hilo kila siku.

Sahani ya chakula

Protini ni sehemu ya chakula inayojenga na kukarabati mwili, na misuli hutegemea hiyo. Kwa mtu anayenyanyua vyuma ili akue, kipimo kinachofaa ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wetu wa kilo 68 anahitaji basi kama gramu 109.

Tuhesabu siku yake. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili: gramu 10 hivi. Mchana wali na maharage: kama 20. Usiku ugali mkubwa na mchicha: kama 20 nyingine. Jumla ni gramu 50, ambayo haifiki hata nusu ya anachohitaji. Tumbo limejaa na hana njaa, ndiyo maana hajawahi kukishuku chakula. Anaweza kwenda jimu mara mbili kwa siku na kifua kisikue hata sentimita.

Pengo hilo linazibika bila kununua kopo la unga wa protini:

- mayai matatu: gramu 18
- dagaa wakavu gramu 50: karibu gramu 30
- glasi ya maziwa ya robo lita: gramu 8
- karanga gramu 50: gramu 12

Hizo ni gramu 68 juu ya zile 50. Unga wa protini unaouzwa madukani kwa bei ya kutisha kwa kawaida ni protini iliyotolewa kwenye maziwa. Ni chakula halali na unamfaa mtu asiye na muda wa kupika, lakini hauna siri yoyote ambayo dagaa wa Mwanza hawana. Kirutubisho kimoja chenye ushahidi mzuri ni kriatini, gramu tatu hadi tano kwa siku. Husaidia kuongeza rudio moja au mawili kwenye seti nzito. Asiye nacho hajakosa kitu cha lazima.

Protini peke yake haitoshi. Anayepakua magunia tangu alfajiri anachoma nguvu nyingi, na mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi ya mchana hautaweka akiba ya nyama jioni. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwenye mizani ile ile. Kwa mtu mwembamba anayetaka kukua, ongezeko la gramu 200 hadi 300 kwa wiki ni zuri. Mizani ikisimama kwa wiki tatu, ongeza wali, viazi au ugali kabla hujagusa ratiba ya mazoezi. Ukipanda kilo moja kila wiki, sehemu kubwa ya hiyo ni mafuta.

*Kwa ufupi: kabla ya kubadilisha mazoezi, hakikisha kwa wiki mbili kwamba umekula gramu 1.6 za protini kwa kilo na kwamba mizani inasogea. Kwa watu wengi wembamba mkwamo huishia hapa.*

Msuli hukua ukiwa umelala

Mazoezi yenyewe hayajengi. Yanachosha na kuchokoza, na mwili hujenga baadaye, ukipumzika. Fundi haweki lipu ya pili juu ya lipu mbichi. Akifanya hivyo yote inaanguka. Anayerudia kifua Jumanne wakati kifua cha Jumatatu bado kinauma anafanya kosa hilo hilo.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Kijana wetu analala saa tano kwa sababu anaamka saa tisa usiku kwenda sokoni, na kazi yake siwezi kumwambia aiache. Ila anaweza kwenda jimu siku nne badala ya sita, na jioni mbili alizozikomboa akazilalia. Anaweza pia kupata usingizi wa mchana wa nusu saa hadi saa nzima siku zinazoruhusu. Kubeba magunia nako ni mzigo, na mwili hautofautishi gunia la mchele na kopo la zege unapohesabu uchovu.

Wanaosikia ushauri wa kupunguza hushtuka, kwa hiyo nitawasimulia habari za mtu aliyeupa ulimwengu wa tiba mazoezi ya kuongeza uzito hatua kwa hatua. Thomas DeLorme alikuwa daktari wa jeshi la Marekani katika hospitali ya Gardiner, Chicago, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wodi zilijaa askari walioumia magoti, na desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia. DeLorme alijua vyuma tangu ujana wake. Akawapa askari uzito mkubwa, kiasi ambacho mtu aliweza kukinyanyua mara kumi tu, akawa anaupandisha kadiri walivyopata nguvu. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mpango wake ulikuwa na marudio 70 hadi 100 kwa kila kipindi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins walichapisha mpango mpya: seti tatu za marudio kumi, ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito wote. Walikuwa wamegundua kwamba kazi ile ya mwanzo ilikuwa nyingi kuliko ilivyohitajika. Hata huyu, aliyewatoa askari kwenye mazoezi mepesi, alipunguza kazi kwa zaidi ya nusu.

Kwa aliyekwama, njia ya kupunguza ni wiki nyepesi. Ni wiki moja ambayo unakwenda mazoezini siku zako za kawaida, lakini unafanya nusu ya seti na unaondoa kama sehemu moja ya kumi ya uzito. Kijana wetu atafanya benchi kwa kilo 54 au 55, seti moja au mbili badala ya tatu, na ataondoka akiwa bado ana hamu. Uchovu uliojilimbikiza unafunika nguvu alizonazo tayari, na unapoondoka, wengi hushangaa kuona kilo 60 zimekuwa nyepesi wiki inayofuata. Panga wiki nyepesi kila baada ya wiki sita hadi nane, usingoje mpaka bega liume.

Na kati ya seti nzito pumzika dakika mbili hadi tatu. Dakika moja inatosha kwa mkono wa mbele, haitoshi kwa benchi wala kwa kuchuchumaa na chuma mabegani.

Sasa badilisha mazoezi

Ukishaweka sawa chakula na usingizi, na daftari likaonyesha kwamba bado umesimama, hapo ndipo ratiba inapaswa kuguswa. Naanza na njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haihitaji kifaa chochote.

Chagua kiwango cha marudio, tuseme sita hadi kumi. Baki na kilo 60 mpaka uweze kufanya kumi katika seti zote tatu, ndipo uongeze uzito. Ukiongeza, marudio yatashuka hadi sita au saba, nawe unaanza kupanda tena. Wiki ambayo kilo hazikupanda, rudio moja zaidi kwenye seti ya tatu ni ushindi, na daftari litauonyesha. Wengi wanaodai kukwama wanaangalia kilo tu.

Ugumu unakuja kwenye hatua ya kuongeza. Jimu nyingi za mtaani zina sahani za kilo tano na kumi pekee, na makopo ya zege hayaongezeki kabisa. Kutoka kilo 60 hadi 70 kwa mkupuo mmoja ni ngazi ambayo wachache wanaweza kuipanda. Hapa chupa ya maji ya nusu lita inaokoa. Ikijaa maji ina uzito wa nusu kilo na kidogo. Funga moja kila upande wa bomba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukikaza karibu na kopo ili isining'inie wala kuyumba, na umeongeza kilo moja. Wiki mbili baadaye funga nyingine. Jaza mchanga badala ya maji ukitaka uzito zaidi kwenye chupa ile ile, ila pima kwanza. Kaza sana, vuta kwa mkono kuhakikisha, na usilale chini ya chuma bila mtu wa kukushikia.

Njia ya pili ni kubadilisha kiwango chenyewe. Misuli hukua kwa marudio machache ya uzito mkubwa na hukua kwa marudio mengi ya uzito wa wastani, mradi seti iwe ngumu kweli. Kama umeishi kwenye nane kwa miezi sita, fanya wiki tano za marudio 12 hadi 15, kisha wiki tano za matano hadi manane. Huu ni mpangilio wa vipindi, ambao wataalamu wa Kisovieti, Lev Matveyev akiwa mashuhuri kati yao, waliuandika kwa kina miaka ya 1960 kwa ajili ya wanamichezo wa mashindano.

Ugumu wa seti nao una kipimo chake. Seti nzuri huishia pale ambapo ungeweza kufanya rudio moja hadi matatu zaidi. Anayebakiza manane anapasha moto tu. Anayejisukuma mpaka chuma kimlalie kifuani kila seti, kila siku, analimbikiza uchovu asioweza kuulipa. Kwa msuli mmoja, seti 10 hadi 20 kwa wiki zinawatosha watu wengi. Kijana wetu, ukihesabu, alikuwa anafanya zaidi ya 30 za kifua na sita za miguu. Akigeuza baadhi ya hizo kuwa za mgongo na miguu, kifua chake kitapumua na mwili mzima utakuwa na nguvu za kubebea magunia.

Usibadilishe kila kitu kwa pamoja. Badilisha kimoja, kipe wiki nne, andika.

Sindano na vidonge

Katika wakati huu wa kukata tamaa ndipo mtu hutokea na sindano. Steroidi za misuli ni kemikali zinazofanana na testosteroni, homoni ya kiume. Zinakuza misuli, sitakataa. Lakini mwili ukizipata kutoka nje huacha kutengeneza testosteroni yake, korodani hunywea, na mwanamume anaweza kukosa uwezo wa kutungisha mimba. Shinikizo la damu hupanda, moyo huharibika, na vidonge vyake huumiza ini. Kwa mwanamke sauti huwa nzito na inaweza isirudi tena. Watumiaji wakishirikiana sindano, kuna hatari ya virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Kuna pia vidonge vya kunenepa ambavyo wembamba hushauriwa na marafiki. Baadhi yao hunywa dexamethasone, dawa ya hospitali kwa magonjwa maalumu. Uso hujaa na mizani hupanda, lakini kilichoongezeka ni maji na mafuta, na ikinywewa kwa muda mrefu dawa hiyo huvunja misuli. Mtu anayeitumia akitafuta kifua anakibomoa. Kama umeshaitumia kwa wiki nyingi, usiache ghafla. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu, kwa sababu kuiacha kwa mkupuo kunaweza kukuangusha.

Mkwamo unapokuwa ugonjwa

Wakati mwingine vyuma havina kosa. Nenda ukapime iwapo:

- nguvu zinashuka wiki hadi wiki ingawa unakula na kulala
- unahema kwa kupanda ngazi ulizozizoea, au viganja na midomo imepauka
- uzito unapungua bila sababu, unatoka jasho usiku, au una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili
- umetoka kuugua malaria na wiki kadhaa zimepita bila nguvu kurudi

Upungufu wa damu huwakumba hasa wanawake wanaotoka hedhi nyingi, na hakuna ratiba ya mazoezi inayoweza kuuondoa. Kipimo chake ni rahisi na hupatikana hata kwenye vituo vya afya.

Mwezi wa Ramadhani

Wasomaji wa pwani huuliza kama mwezi mzima wa kufunga utawarudisha nyuma. Kutunza msuli ni rahisi kuliko kuujenga. Theluthi moja ya seti zako za kawaida inatosha kuulinda kwa wiki kadhaa, mradi uzito kwenye chuma usishuke sana. Kwa hiyo weka siku mbili au tatu kwa wiki, saa moja na nusu baada ya futari, seti mbili kwa kila zoezi. Protini igawe kati ya futari, chakula cha usiku na daku. Mayai na maziwa ya daku yatakusaidia kuliko chai na mkate pekee. Kunywa maji kidogo kidogo usiku kucha. Usitafute rekodi mwezi huo. Baada ya Idi, kama ulikuwa kwenye kilo 60, wiki ya kwanza anza na 55, ya pili rudi kwenye 60, na chupa ya kwanza ifungwe wiki ya tatu.